Mkeka Haujatoka

6 Novemba

Daftari hili amenipa Sista Yunisi, nesi wetu. Lilikuwa la kuandikia wagonjwa, panya wakala kona yake ya juu, akasema haliwezi tena kuonyeshwa kwa wakaguzi. Kila ukurasa una vyumba vinne: Tarehe, Jina, Tatizo, Matibabu. "Mama Mercy, wewe unapenda kuandika. Andika." Niliishia kidato cha pili, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu mpaka siku niliyoondoka. Basi naandika, Mercy yuko mgongoni. Ana miezi minne, meno hana ila kucha anazo.

Leo nimeulizia tena zahanati.

Zahanati yetu imekwisha tangu Agosti. Ina bati la bluu, ina kitanda cha kujifungulia, ina friji ya sola inayonguruma humo ndani peke yake kama paka aliyeshiba. Ina kila kitu isipokuwa mtu wa kuifungua. Alikuwa aje Waziri wa Afya, zikaingia kampeni, tukaambiwa baada ya uchaguzi. Uchaguzi umepita, Rais kaapishwa, na sasa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Anania, anatuambia kwamba Rais akiapa tu wale mawaziri wa zamani si mawaziri tena, na wapya bado. Kwa hiyo leo hii nchi nzima haina Waziri wa Afya, na ufunguo wetu unaning'inia sebuleni kwa mwenyekiti, kwenye msumari juu ya kalenda. Sista anatibu watu kwenye stoo ya shule, katikati ya majembe na magunia ya mahindi ya watoto.

Wifi yangu Imelda, dada yake Osward mume wangu, ana mimba ya miezi saba. Mwaka huu Januari alipata uchungu mvua ikiwa imepamba moto. Wakampakia kwenye pikipiki, wakafika mtoni, maji yamejaa. Mtoto alizaliwa palepale kwenye matete na hakulia. Imelda naye damu ilimtoka mpaka midomo ikawa rangi ya majivu. Alipona, lakini mpaka leo mtoni haendi, maji namchotea mimi.

Sista anasema ipo sindano ya kuzuia ile damu. Haitaki joto, inakaa kwenye friji tu, na zililetwa pamoja na friji zikafungiwa humohumo. Friji hiyo naiona dirishani nikipanda juu ya tofali.

Hilo ndilo ninaloliandikia. Mengine yatapita tu humu njiani.

8 Novemba

Jua. Mawingu yanatoka upande wa Zambia, yanatutazama, yanaondoka.

13 Novemba

Bunge limempitisha Waziri Mkuu. Habari nimeisikia kwenye mashine ya kusaga, wanaume wamejaa kama vile wao ndio wenye mahindi. Wote wanapanga serikali. Huyu anampa fulani Fedha, yule anamnyang'anya anampa Ujenzi. Mmoja alisema lazima kanda yetu ipate watatu, mwingine akasema wawili wanatosha ila wawe wazito. Mbunge wetu wamempa Kilimo, wakampandisha Mambo ya Ndani, unga wangu ulipokwisha kusagwa alikuwa amefika Afya.

"Akipata Afya," mwenyekiti akasema, "zahanati inafunguliwa kesho yake asubuhi. Mtu ataanzia wapi kama si nyumbani?"

Na mimi nilifurahi, sikatai. Nilirudi nyumbani natembea haraka.

15 Novemba

Tumeanza mkeka wa Imelda. Kwa mama mkwe wangu, mama Tabita, mtoto wa ukoo analazwa kwanza kwenye mkeka mpya, usiokaliwa na mtu. Milala ya kusukia ililetwa na shangazi yao wa Ivuna pamoja na chumvi. Mama anasuka ukili, mimi nashona, Imelda anachambua na kutucheka.

Jioni nilipanda kichuguu cha nyuma ya kanisa, ndiko mtandao uliko, nikampigia Osward. Yeye yuko Tunduma anashusha mizigo kwenye malori. Mama alikuwa pembeni yangu na spika iko wazi.

"Mama Mercy, mkeka umetoka?"

Mama akadakia: "Utatokaje na ukili wenyewe haujafika nusu? Tulia huko, mwanangu!"

Osward alicheka mpaka nikasikia wenzake nao wanacheka. "Shikamoo mama. Nasema mkeka wa mawaziri!"

"Marahaba. Wanasuka wenyewe?"

Ikabidi nimweleze kwamba siku hizi orodha ya walioteuliwa inaitwa mkeka, kama vijana wanavyoita mkeka zile karatasi zao za kubeti mpira. Mama alifikiri kidogo.

"Mkeka wa kweli unalaliwa," akasema. "Huo wa kwenu analala nani?"

18 Novemba

MKEKA UMETOKA! Osward kanitumia picha yake kwenye simu. Majina yamepangwa, nembo juu, na namba kumi na nne ni Mbunge wetu: Waziri wa Afya. Nilishuka kichuguu mbio, Mercy anarukaruka mgongoni anafikiri ni mchezo.

Kijiji kilisimama. Wanawake walipiga vigelegele, kwaya ya vijana ilitoa ngoma za kanisa bila kumuuliza mchungaji. Imelda alikaa chini akalia. Mwenyekiti Anania alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. "Mama Mercy, umeleta habari ambayo mjukuu wako ataisoma shuleni."

Sista Yunisi peke yake ndiye aliyeishika simu akaisoma kama anavyosoma kipimo cha malaria.

"Haina saini," akasema. "Halafu Wizara ya Kilimo imeandikwa mara mbili."

"Sista, kilimo ni uti wa mgongo," mwenyekiti akamjibu. "Wanaweza kuwa wawili."

Hajamaliza kusema kashapanda pikipiki kwenda Mlowo kuagiza jiwe la ufunguzi.

19 Novemba

Osward kasema tusimwambie mtu, lakini Tunduma wanasema ule mkeka ni feki. Nimekaa na neno hilo siku nzima kama kaa la moto mfukoni. Sikumwambia mwenyekiti. Nilimwonea huruma, na nilitaka liwe kweli. Makosa yangu nayaandika humu pamoja na ya wengine.

24 Novemba

Jiwe limefika, limefungwa kwenye pikipiki kwa mipira, limelazwa kwenye godoro la mtoto lisivunjike. Jeusi, linang'aa, unajiona uso. Limeandikwa kwa rangi ya dhahabu: ZAHANATI HII IMEFUNGULIWA RASMI NA, kisha jina la Mbunge wetu, kisha WAZIRI WA AFYA. Chini pameachwa nafasi ya tarehe. Fundi kazi yake ni mawe ya makaburi, na kwa mazoea alikuwa ameanza kuchonga msalaba juu. Aliufuta, umebaki kama kovu.

Mwenyekiti kaliegemeza sebuleni chini ya ufunguo. Watu wanakwenda kuliangalia kama maiti ya mkubwa.

27 Novemba

Ukili umekwisha kushonwa nusu. Na mkeka mwingine umetoka, wa kweli.

Tulijazana barazani kwa mwenyekiti, redio juu ya kiti. Wizara moja, jina. Wizara nyingine, jina. Wanaume walikuwa wanahesabu kwa vidole. Ikafika Afya, likasomwa jina la mtu mwingine kabisa, wa mbali. Mmoja akanong'ona labda Mbunge wetu kahamishiwa kwingine, ngojeni. Tukangoja. Wakaja manaibu. Sista alinieleza kwa sauti ya chini kwamba naibu hata ndani ya Baraza la Mawaziri haingii, anamsaidia tu waziri wake, lakini kwa muda ule tungechukua hata naibu. Manaibu wakaisha. Muziki ukapigwa.

"Labda wamemruka kwa bahati mbaya," mtu akasema.

Kijana mmoja nyuma akashindwa kuvumilia: "Mkeka wa mwenyekiti umechanika!"

Watu walicheka, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Mzee Anania alizima redio akaanza kukunja waya wa antena, anaukunja na kuukunjua. Shati alilovaa lilikuwa limepigwa pasi kwa ajili ya siku ile.

Imelda hakucheka. Alisimama, mkono kiunoni. "Kwa hiyo Waziri wa Afya yupo?"

"Yupo," mwenyekiti akasema. "Ila si wetu."

"Mimi sikuuliza wa nani. Kama yupo, aje."

30 Novemba, Jumapili

Mchungaji kawaombea mawaziri wapya wote kwa majina. Ibada ilichelewa.

Baadaye nilikwenda kwa mwenyekiti. Jiwe kaligeuza, limeangalia ukuta.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Mercy. Ufunguo hapana."

"Sijausema bado."

"Macho yako yameusema tangu mlangoni." Akanivutia kigoda. "Sikiliza, mwanangu. Hii kitu ina protokali. Jengo la serikali lisilofunguliwa rasmi, halijafunguliwa. Mimi nikifungua, kesho naitwa wilayani: nani kakutuma? Na gari la wagonjwa tuliloahidiwa, watasema hao si wameshajifungulia wenyewe, wajitafutie na gari. Unataka nitumbuliwe kwa ajili ya kitasa?"

"Kwa ajili ya Imelda."

"Imelda ana mwezi mzima. Waziri atakuwa ameshakuja."

"Amesema anakuja?"

"Ametoka kuapishwa juzi! Hata kiti hajajua kinazungukaje."

Nilimwangalia. Siku zote nilimwona mkubwa. Yeye ndiye aliyetuandikisha shule, yeye ndiye aliyetuhimiza kufyatua tofali za zahanati hiyohiyo, na za kwanza alifyatua yeye. Leo nimeona kwamba anaogopa. Na mtu anayeogopa akishika ufunguo, mlango unakuwa mzito.

5 Desemba

Mvua! Imepiga tangu alfajiri. Mercy aliinyooshea mikono, akashangaa haishikiki.

6 Desemba

Kupanda mahindi.

7 Desemba

Kupanda mahindi. Mgongo.

9 Desemba

Tatizo: mwenyekiti kapigiwa simu, ratiba ya ziara za mawaziri itatolewa.
Matibabu: itatolewa.

12 Desemba

Mto umechukua daraja.

Tulikuwa tumepanga kesho kutwa Osward aje amchukue Imelda, akangojee siku zake Tunduma, kwa yule mama niliyefikia kwake nilipokwenda kujifungua Mercy. Nguo zimeshafungwa kwenye kanga. Leo adhuhuri tulisikia kama lori linamwaga kokoto, kumbe ni magogo ya daraja. Nilikwenda kuangalia. Maji ni mekundu, yanakwenda na mti mzima, majani yake bado ya kijani. Ng'ambo nilimwona mtu wa pikipiki kasimama, ananipungia mkono kwamba hapana.

Nilipomwambia Imelda, alifungua ile kanga akaanza kutoa nguo moja moja, anazikunja upya, anazipanga upya.

"Wifi," akasema, "safari hii simo. Mimi kwenye matete sirudi."

"Hurudi."

"Usinibembeleze, Witness." Ananiita jina langu akiwa na hasira. "Mimi siyo Mercy."

"Sikubembelezi. Nimesema hurudi."

Neno hilo nimeliandika ili nisiweze kulikana.

14 Desemba, Jumapili

Leo naandika ndefu.

Baada ya ibada kulikuwa na mkutano wa kijiji, ndani ya kanisa kwa sababu ya mvua. Agenda daraja. Wanaume walizungumza daraja saa nzima, kisha mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo. Nikanyoosha mkono. Nikaona wanavyogeuka, maana mke wa Osward siku zote ni wa kukaa nyuma na mtoto.

"Mwenyekiti, wote mnakumbuka nilileta mkeka ukawa feki," nikasema. "Siku ya pili nilijua una walakini, nikanyamaza. Naomba radhi. Leo nimeleta mwingine."

Watu wakaguna. Nikafungua daftari hili na kusoma. Niliuandika jana jikoni, Mercy ananyonya. Naunakili hapa jinsi nilivyousoma:

"Kwa mamlaka niliyojipa kwa sababu sikupewa na mtu, nafanya uteuzi ufuatao. Mama Tabita anakuwa Waziri wa Maji ya Moto na Kuni Kavu. Wanawake wa kitongoji cha juu, Wizara ya Kubeba, maana wana machela ya kanisa. Kwaya ya vijana, Wizara ya Barabara, watatoa matope mlangoni. Sista Yunisi anaendelea na wizara yake ya siku zote. Yeye peke yake hapa ndiye aliyeisomea kazi anayofanya."

Vicheko. Hata mchungaji. Mtu akapiga kelele: "Na Osward umempa nini?"

"Osward ni Mambo ya Nje, yuko mpakani. Akirudi nitamfanyia tathmini."

Kanisa lilivuma. Nikangoja litulie.

"Na Mwenyekiti Anania, nimemteua kuwa Waziri wa Ufunguo. Kazi yake ni moja. Imelda akishikwa, afungue."

Kicheko kikaisha kidogo kidogo, kama mvua inavyoacha kwenye bati. Mzee Anania alikuwa amecheka mwanzoni pamoja na wote. Sasa alivua kofia, akaivaa.

"Mama Mercy, umetuchekesha, asante. Lakini serikali siyo maigizo. Mimi naapa kwa serikali, siapi kwa daftari la panya."

"Hata hilo la panya lina muhuri wa serikali," nikasema, nikalifunua mbele. Kweli unao.

"Kaa chini."

"Nitakaa. Ila uniambie mbele ya watu hawa. Tofali za zahanati ile tulifyatua sisi. Maji ya kufyatulia nilibeba mimi, Mercy yuko tumboni. Imelda alibeba huku ana arobaini ya mwanawe. Tulikuwa tunamjengea nani? Waziri akiumwa atakuja kulala pale?"

Nilikaa. Hakuna aliyepiga makofi, na mkutano ulifungwa kwa sala fupi. Nilidhani nimeharibu. Lakini tulipotoka, mama mmoja wa kitongoji cha juu alipita karibu nami akasema bila kunitazama: "Machela tumeianika."

15 Desemba

Kuni zimeanza kuletwa. Watu hawagongi, wanatua mzigo wanaondoka. Mama anazipanga na kusema, "Wizara yangu ina bajeti."

17 Desemba

Mkeka umekwisha. Umetoka na ukingo mwekundu. Marufuku kuukalia, hata kuku.

20 Desemba

Naandika mkono wa kushoto umembeba Mercy, wa kulia una kalamu, na miguu ina matope mpaka magotini. Nianze mwanzo.

Imelda alishikwa asubuhi, wiki mbili kabla ya siku zake. Hakupiga kelele. Alikuja mlangoni kwangu akasimama kwenye mvua, kashika fremu. "Wifi. Ndiyo hivyo."

Mama alikuwa ameshaona. Akaenda kuwasha moto. Nilimtuma mtoto wa jirani kwa Sista, nikamtuma mwingine kitongoji cha juu, mimi nikakimbia kwa mwenyekiti. Mercy nilimwacha analia. Nilikuwa namsikia mpaka kwenye mtaro.

Mzee Anania alikuwa anakunywa chai.

"Imelda," nikasema. Pumzi hakuna.

Akaweka kikombe. Akaangalia ufunguo, akaniangalia. Namshuhudia kwa haki, mkono uliinuka. Uliinuka kabisa, ukafika usawa wa kalenda. Halafu ukasimama.

"Ngoja kwanza nipande kichuguuni niwapigie wilayani. Dakika tano. Nipate baraka tu, Mama Mercy, niwe salama."

"Mtandao hauko tangu juzi. Unajua."

"Nijaribu tu..."

"Mwenyekiti," nikasema, na sijui sauti ile niliitoa wapi, maana sikupayuka, niliongea kama namsomea mtu barua. "Kuanzia leo nimetengua uteuzi wako."

Nikapita mbele yake, nikapanda juu ya lile jiwe lililoangalia ukuta, kwa miguu yangu yenye matope, nikautoa ufunguo kwenye msumari. Ni mwepesi! Miezi yote ile nilidhani ni kitu kizito.

Nilikimbia. Nyuma nilisikia kiti kinaanguka.

Kitasa cha zahanati kilifunguka mara moja, lakini mlango ulikuwa umevimba kwa mvua. Tuliusukuma wanne kwa bega, mimi na wanawake wa machela, mpaka ukaachia. Ndani kulikuwa na harufu ya rangi mpya, na kila kitu kimefunikwa nailoni. Sista aliichana ile nailoni kama mtu aliyengoja sikukuu. Imelda akapandishwa kitandani. Upepo ukaanza kuubamiza mlango, unafunga, unafungua, giza, mwanga, giza, na Sista anapiga kelele: "Shikeni huo mlango, nahitaji mwanga!" Mwenye mkono wa bure hakuwepo.

Ndipo akaingia Mzee Anania, ameloa, kabeba jiwe kifuani kama mtoto. Nilidhani amekuja kutuzuia. Hakuniangalia. Aliinama, akalilaza lile jiwe kwenye mlango, maandishi chini, akalisukuma kwa mguu mpaka mlango ukatulia wazi.

"Hauendi popote sasa," akasema. Akatoka, akasimama mvuani, kaupa mlango mgongo kwa heshima ya mzazi.

Mtoto alitoka saa nane mchana. Alikaa kimya kwa muda ambao siwezi kuuandika. Sista akamsugua, akampulizia, akamsugua. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Imelda na nilikuwa naangalia mfupa wa kidole chake, huo tu. Halafu akalia. Alilia kama kadhulumiwa kitu.

Na damu ikaja. Ile ile. Nilimwona Imelda ameiona, akafumba macho akasema, "Basi." Sista alifungua friji, akavunja kichupa, akachoma paja, akaanza kulikanda tumbo, anahesabu kwa sauti. Ilituchukua muda. Kisha ikapungua. Kisha ikaacha. Sista alikaa sakafuni, miguu kainyoosha, akacheka peke yake. Mama alitandika mkeka chini, akamlaza mtoto juu yake, akamfunika kanga.

"Kike," akatangaza nje.

Mzee Anania alijibu bila kugeuka: "Aitwe Waziri!"

"Nimesema kike, mwenyekiti!"

"Mawaziri wa kike wapo."

Imelda, midomo yake ina rangi ya midomo, alifumbua jicho moja. "Mwanangu anaitwa Lusungu. Uwaziri atajitafutia mwenyewe."

21 Desemba

Nimemrudishia mwenyekiti ufunguo. Alikataa. Alisema alishatenguliwa. Anao Sista.

25 Desemba

Krismasi. Wali, kuku mmoja kwa watu kumi na wawili. Osward alivuka mto kwa mtumbwi, suruali kichwani, amemletea Mercy kofia na mpwa wake kofia ya namna hiyohiyo. Nilimfanyia tathmini. Amepita.

3 Januari

Jana amezaliwa mwingine, wa kitongoji cha juu. Leo tena mwingine. Mkeka unatoka nyumba moja unakwenda nyingine. Mama alinung'unika kwamba si mpya tena. Kisha akasema wa tatu naye ni wa ukoo, mradi kalala hapo.

9 Januari

Ratiba imetolewa. Waziri haji. Anakuja Naibu Waziri, tarehe kumi na nne, kufungua zahanati. Daraja limetengenezwa kwa siku mbili! Watu wa itifaki walitangulia na utepe. Mmoja aliuona mlango uko wazi, akafoka: "Nani kawaruhusu? Inatakiwa ifungwe, wagonjwa watoke, mheshimiwa akute pamefungwa ndipo afungue."

Mzee Anania alikuwa amesimama hapo. Nilimwona anavua kofia. Nikasema moyoni, haya, tumerudi kulekule. Akaivaa tena, akaikandamiza.

"Ndugu yangu," akasema, "mlango huo umevimba. Ukifungwa haufunguki, na mheshimiwa atafedheheka."

Uongo mtupu. Ameuchonga yeye mwenyewe kwa randa wiki iliyopita, unateleza kama siagi.

14 Januari

Jua limetoka kidogo. Magari tisa, nimehesabu. Naibu Waziri ni mama, ana kilemba cha njano, amechoka lakini anacheka. Utepe mwekundu ulifungwa kwenye nguzo za baraza, na nyuma ya utepe mlango uko wazi, na mlangoni mama Tabita katandika mkeka. Juu yake tulikaa yeye, mimi na Mercy, Imelda na Lusungu, na wale wazazi wawili na watoto wao. Ndani alikuwepo mama mwingine, uchungu umeanza tangu asubuhi.

Yule wa itifaki alikuja mbio, anaongea kwa meno. "Dada, kunja mkeka, inuka. Mheshimiwa anapita."

"Mkeka huu haukunjwi," nikamwambia. "Kuna mzazi ndani."

"Dada!"

"Mimi jina langu Witness. Andika kama unaandika."

Naibu Waziri akawa ameshafika. Alikata utepe, watu wakapiga makofi, kisha akabaki na mkasi mkononi, anautazama mlango uliokwisha kufunguka. Akatutazama sisi. Akatazama watoto mmoja mmoja, nikaona anahesabu. Akatazama chini.

"Jiwe hili la nini?"

"La ufunguzi, mheshimiwa," Mzee Anania akajibu. "Linashikilia mlango."

Kutoka ndani yule mzazi akaguna, kwa sauti ndefu, na Sista akasema, "Vizuri, vizuri, pumua."

Mama Tabita hakusimama. Alisogea kidogo tu pembeni, akapiga mkeka kwa kiganja mara mbili, kama anavyomkaribisha mgeni yeyote.

"Karibu, mwanangu," akamwambia. "Pako wazi."

Naibu Waziri akampa mkasi yule wa itifaki, akainama, akavua viatu.